Mwali Anatolewa Nje Bila Kuwekwa Ndani

KIBARAZANI
Na Mwanahamisi Kondo

Wifi yangu alinipigia simu Jumanne usiku, furaha imemjaa hadi maneno yanagongana. Binti yao ana kicheni pati mwezi ujao, ukumbi umeshalipiwa, sare zimeshapelekwa kwa fundi, na kamati imeamua mimi shangazi ndiye niwe somo. Nikashukuru. Nikauliza nimepangiwa muda gani.

"Dakika kumi, wifi. Baada ya keki, kabla ya kutunza. MC atakuita."

Bibi yangu alichezwa unyago huko Kisarawe, kabla ya Uhuru. Alipovunja ungo aliondolewa machoni pa watu, akawekwa ndani miezi hata ngozi ikaiva weupe kwa kukosa jua. Kwa Wazaramo wa zama zile wapo waliokaa ndani kuliko hivyo. Mwali alikabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na matiti lakini hakina mikono, amwogeshe, ampake mafuta, amlee kama mtoto wa kumzaa. Mwana hiti wengi leo wamo ndani ya vioo vya makumbusho ya Ulaya, na hakuna wa kuwapaka mafuta.

Mwaka 1909 Arnold van Gennep, mtaalamu wa mila aliyeandika kwa Kifaransa, alizipanga pamoja sherehe za mataifa mengi akaona zina umbo moja. Mtu hutengwa na hali yake ya jana, hukaa mahali ambapo si huku wala si kule, kisha hurudishwa kwa watu akiwa mwingine. Kitabu chake kimewafikisha wengi uprofesa. Bibi yangu hakukisoma, ila angemwelewa upesi, maana lugha yake ilikuwa nayo maneno yote matatu: kuwekwa ndani, kuwa mwali, kutolewa.

Sisi tumebakiwa na la tatu tu. Tunatoa nje watu ambao hatukuwahi kuwaweka ndani. Angalia kicheni pati, angalia sendofu, angalia hata mahafali ya chekechea, ambako mtoto wa miaka sita anavishwa joho na kofia ya shahada na mama analia kama vile mwanawe katoka vitani. Zote ni siku ya kutoka: nguo, picha, chakula, muziki. Ukiuliza mtu huyu alikuwa wapi kabla ya kutoka, jibu ni saluni.

Na hili si la Dar es Salaam peke yake. Japani wana sikukuu ya kuwapokea vijana utu uzimani, Jumatatu ya pili ya Januari. Mabinti huvaa kimono za mikono mirefu, meya hutoa hotuba, watu hupiga picha. Aprili 2022 sheria yao ilishusha umri wa utu uzima kutoka miaka 20 hadi 18. Ungedhani sherehe ingefuata. Miji mingi iliiacha palepale kwenye 20, ikabadili jina tu, kwa sababu kijana wa miaka 18 mwezi Januari yuko kwenye mitihani ya kuingia chuo kikuu, hana nafasi ya kimono. Kwa hiyo wanampongeza kijana kwa mto aliouvuka miaka miwili nyuma. Nisiwacheke. Maharusi wetu wangapi wanafundwa jiko ambalo wameshalipikia miaka mitatu, na mtoto wao amekaa meza ya mbele?

Wayahudi nao hawajui sherehe ndogo. Mvulana akitimiza miaka 13, karamu ya familia yenye uwezo kule New York ingeitia aibu kamati yoyote ya Masaki. Lakini kabla ya karamu mtoto hukaa miezi akijifunza kuisoma sehemu yake ya Torati kwa Kiebrania, asimame mbele ya watu aisome mwenyewe. Hilo halichangiwi, wala halina MC. Na baada ya hapo, kwenye sala inayohitaji watu wazima kumi, yeye anahesabiwa. Karamu imekua, ila chumba cha katikati, kile cha kuwekwa ndani, haijakila.

Wamasai chumba chao kilikuwa kijiji kizima, manyatta ya morani. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza sherehe zao tatu za kiume upande wa Kenya, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Sababu zake si kwamba vijana wamepuuza mila. Ardhi imegawanywa na kupewa wenyewe, watu wamegeukia kilimo, ukame umepunguza ng'ombe. Ukikosa ardhi ya wazi na ng'ombe wa kuchinja, manyatta utaijenga wapi, na watu wote hao watakula nini?

Najua wasomaji wangu, kuna atakayeniandikia kwamba namtaka ngariba arudi na kisu chake. Simtaki. Mjukuu wangu alitahiriwa hospitali asubuhi, jioni alikuwa kwenye kochi anakunywa juisi, na nikamshukuru Mungu. Wala sifumbii macho unyago wa kusini, ambako watoto wa shule ya msingi huchezwa wakati wa likizo na kurudi darasani wakiambiwa wameshakuwa watu wazima. Msichana wa miaka kumi si mtu mzima, achezwe na kungwi yeyote yule.

Lakini nenda Tharaka, nchini Kenya. Huko mwaka 1996 familia chache, pamoja na shirika la Maendeleo ya Wanawake, ziliamua mabinti zao wasikeketwe. Wangeweza kuifuta mila yote wakamaliza. Walichofanya ni kuwaweka mabinti ndani wiki nzima, kila mmoja na mama wa kumwelekeza, wakafundishwa juu ya miili yao na heshima ya nyumbani, kisha wakatolewa kwa ngoma na vyakula kama ilivyokuwa zamani. Wakaiita Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Nimelifikiria sana jambo hili. Wale mama walitazama mila yao wakajua kipi ni sumu na kipi ni chakula: wakatupa kisu, wakabakisha chumba. Sisi tuliosoma, tuliotoka kijijini, ambao wengi wetu hata kisu hatukuwa nacho, tumetupa chumba tukabakisha ngoma.

Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu. Wanawake wa Unguja walimjua pia kwa ngoma ya unyago, na pale hakuwa msanii, alikuwa mwalimu. Ngoma ilipigwa ili somo likae, kwa sababu kitu ulichokicheza usiku kucha huwezi kukisahau. Ngoma ile ile ukiitenga na somo ni burudani, na burudani ina bei yake na muda wake wa kufunga ukumbi.

Basi nikampigia wifi. Nikamwambia dakika zangu kumi ampe MC, mimi anipe binti kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, Kisarawe, bila simu. Sitaki kadi wala sare.

Akanyamaza. Nikasikia anaongea na mtu pembeni.

"Wifi, Ijumaa anasuka. Kwa nini usimrekodie kwenye WhatsApp? Atasikiliza huku anasukwa."

Nimeanza kurekodi jana. Niko dakika ya 40, na bado sijafika kwa mama mkwe.