NENO LA DALALI SI MKATABA



Vijana wetu wengi, riziki ikiwapa mgongo, huitazama Maskati, ambako Kiswahili chasikika majumbani na masokoni. Hatuwazuii. Ila udugu wa lugha haumlipi mtu mshahara. Sheria ya Kazi ya Omani ya mwaka 2023 yamkataza mwajiri kuizuia pasi ya mfanyakazi bila ya ridhaa yake ya maandishi. Lakini sheria hiyo haiwahusu watumishi wa majumbani, na huko ndiko waendako binti zetu wengi. Dukani hatukopeshi kibaba cha mchele bila ya kuandika daftarini. Itakuwaje basi atolewe mwana wa mtu kwa neno tupu la dalali? Twaitaka Serikali idai mkataba wa Kiswahili, usomwe mbele ya wazee wake, kabla ya safari.