Mbio za baiskeli na nyama iliyosubiri jokofuni

Ndugu msomaji, wiki hii tunaomba ruhusa ya kuiweka kando mada ya malezi tuliyokuwa tukiendelea nayo, ili tusimulie jambo lililotokea ndani ya nyumba yetu wenyewe hapa Ifakara. Linahusu baiskeli, chungu cha nyama, na shilingi laki moja na elfu ishirini.

Asiyepata kufika Ifakara huenda akashangaa kwamba mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 44 na watoto wanne hushiriki mbio za baiskeli. Mwenyeji hatashangaa. Mji wetu umekaa kwenye tambarare ya bonde la Mto Kilombero, na milima ya Udzungwa imesimama pembeni kama ukuta. Ardhi ni sawa kama kiganja, na baiskeli imekuwa mguu wa tatu wa mkazi. Mama huenda nayo shamba mtoto akiwa mgongoni na jembe likiwa limefungwa kwenye keria; mvuvi huleta nayo kambale sokoni; gunia la mpunga husafiri juu yake likisukumwa na vijana wawili. Mwanamke aliyejistiri kwa hijabu yake akipiga pedeli kwenda sokoni hageuziwi shingo na mtu. Pikipiki zimeongezeka siku hizi, lakini baiskeli hazijaondoka.

Sisi tulirudi kwenye baiskeli kwa amri ya daktari. Miaka mitatu iliyopita tulipimwa shinikizo la damu likaonekana limepanda, tukaambiwa tupunguze chumvi na tuushughulishe mwili. Tukaagiza Dar es Salaam baiskeli ya mtumba, ile ya matairi membamba yenye usukani uliokunjwa. Watoto waliita usukani huo pembe za kondoo, na mpaka leo jina halijafutika.

Utaratibu wetu ni mwepesi kuueleza, mgumu kuufuata. Baada ya Swala ya Alfajiri msikitini, kabla ya jua kuwa kali, tunatoka siku tatu kwa juma. Siku mbili ni za safari fupi: tunashuka Kivukoni, tunavuka Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, tunageuza upande wa Ulanga na kurudi. Wakati wa masika maji hutanda pande zote mbili za barabara hiyo, na mtu huendesha kama aliye juu ya tuta katikati ya ziwa. Kabla ya daraja watu walivuka hapo kwa kivuko, na kivuko hicho kilipinduka Januari 2016. Hatupiti pale bila ya kukumbuka.

Siku ya tatu, ambayo aghalabu ni Jumapili, ni ya safari ndefu. Tunaelekea kaskazini, Kiberege hadi Mang'ula, chini ya misitu ya Udzungwa iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992. Kutoka Ifakara hadi Kidatu kwenye mashamba ya miwa ni takriban kilometa 67. Tumewahi kwenda na kurudi kwa siku moja, mara moja tu, na siku iliyofuata tulifundisha darasa la nne tukiwa tumekaa.

Mazoezi haya hayawezekani bila chakula, na hapa ndipo tulipokosea mwanzoni. Tulidhani kwamba anayetaka kupungua na ale kidogo, basi tukawa tunatoka na tumbo tupu. Ilikuwa karibu na Kiberege, katika mwezi wa kwanza, nguvu zilipokatika ghafla kama taa ya luku. Mikono ikatetemeka, jasho la baridi likatoka, tukakaa chini ya mwembe mpaka bibi mmoja mpita njia akatupa ndizi mbivu mbili. Baadaye tulielewa kwamba mwili huhifadhi sukari yake kwenye misuli na ini, na kwa anayekwenda kwa nguvu akiba hiyo hudumu saa moja na nusu hadi mbili tu. Anayekwenda zaidi ya hapo inampasa kula njiani, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Ndizi moja kubwa ina gramu 25 au zaidi kidogo, kwa hiyo bibi yule alitupatia takriban saa moja ya safari, Allah amlipe.

Sasa tunakula. Na Kilombero si mahali pa kula vibaya! Mchele wa bonde hili unasifiwa mbali, na ukipikwa ukiwa mpya harufu yake huita majirani. Usiku wa kuamkia safari ndefu tunakula wali na maharage, au wali na perege wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu, chumvi ikiwa ya kuonja tu. Njiani tunabeba ndizi na vitumbua viwili. Mpunga mchanga ukipatikana tunabeba pepeta iliyochanganywa na nazi na sukari kidogo, na hatujaona kitafunio cha dukani kinachoishinda. Ramadhani tunahamishia mazoezi saa moja kabla ya futari, mwendo wa polepole, ili kiu isikae muda mrefu.

Yapo pia ya aibu. Kwa miezi kadhaa tulimwamsha mama watoto saa kumi za usiku atupikie uji wa ulezi, naye alikuwa na mtoto mchanga. Alivumilia. Asubuhi moja hakuamka, au aliamka akanyamaza, na sisi tukatoka tukiwa tumenuna. Tulipofika darajani ndipo tulipomkumbuka Salman al-Farisi (R.A.), aliyemkuta ndugu yake Abu Dardaa (R.A.) amezama katika ibada hadi mke wake amesahauliwa, akamfundisha kwamba nafsi ina haki yake na mke ana haki yake, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha. Kama ibada ya usiku ilikuwa na mpaka, itakuwaje baiskeli? Tangu siku hiyo uji tunaupika wenyewe, na yeye analala. Mabonge ni yetu.

Wapo wanaotuuliza kama mtu mzima anapaswa kushindana. Tunawajibu kwa yanayofahamika. Imesimuliwa na Ibn Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi Madina: waliofanyishwa mazoezi walikimbia kutoka al-Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, masafa ya maili tano au sita, na wasiofanyishwa walikimbia kama maili moja tu. Ibn Umar mwenyewe alikuwamo mbioni. Wanazuoni wameeleza mazoezi yale: farasi alilishwa mpaka akanenepa, kisha akapunguziwa chakula na kufunikwa ili atoke jasho, nyama ipungue na apate nguvu ya kukimbia. Tena Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.), mara ya kwanza akashinda Bibi Aisha, mara ya pili akashinda yeye. Kushindana, basi, si neno geni kwetu. Tatizo letu lilikuja kwa mlango mwingine.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Vijana wa hapa waliyafuatilia kwenye simu. Walimwona Tadej Pogačar wa Slovenia akishinda mbio za wanaume za zaidi ya kilometa 260 kwenye vilima vile, na walikuwa wakimjua tayari Biniam Girmay, kijana wa Eritrea aliyeshinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kutwaa jezi ya kijani. Kwa wiki nzima kijiwe cha fundi baiskeli kilikuwa na mazungumzo hayo tu. Mwishowe mtu akasema: na sisi tufanye yetu.

Tukajiandikisha watu 12. Njia ilikuwa Kibaoni hadi Kiberege na kurudi, baiskeli yoyote inaruhusiwa, hata Phoenix ya kubebea mkaa. Kila mmoja atoe shilingi 10,000, na atakayetangulia achukue zote. Mwanetu mkubwa, mwenye miaka 14, ndiye aliyeshika daftari la michango, naye aliandika kwa mwandiko wa kupendeza.

Tusijisifu. Vijana wawili walituacha mapema, tukawa tunaona migongo yao tu. Wakati wa kurudi mmoja alikanyaga mbigili akapata pancha, na wa pili cheni ilimkatikia. Mzee wa pembe za kondoo akapita katikati yao akipumua kama kiwanda cha sukari, akafika wa kwanza. Tukapewa bahasha. Tukanunua tairi jipya la nyuma, kisha tukapitia buchani tukachukua kilo tatu za nyama, tukarudi nyumbani kwa ushindi.

Nyama ilikuwa imeanza kuchemka mama watoto alipouliza, kwa upole kabisa: "Baba watoto, kitoweo ni kizuri. Pesa yake imetoka wapi?"

"Ni zawadi ya mashindano."

"Zawadi ya nani?"

"Tulichanga wenyewe."

Alinyamaza kidogo. "Yaani kila mmoja aliweka chake, mmoja akabeba vya wote." Hakusema lingine. Alikiepua chungu, akakifunika, akabandika maharage.

Tulijitetea, tena kwa sauti iliyozidi kiasi. Tulisema tumetoa jasho, kwamba hii si kama vibanda vya kubeti ambamo kijana hukaa na kungoja bahati. Na hapo, ndugu msomaji, tukakumbuka kwamba katika safu hii hii tumewahi kuandika mara mbili dhidi ya kubeti, na mtoto aliyeshika daftari alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

Baada ya Swala ya Isha tulimwendea ustadhi wa msikiti wetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kila mmoja wenu aliingia akijua kwamba ama atapata cha wenzake ama atapoteza chake. Hiyo ndiyo maisiri, mwalimu, na jasho haliibadilishi." Tukauliza kama ingekuwa halali zawadi ikitolewa na mtu wa nje asiyeshindana. Akaeleza kwamba kwa farasi, ngamia na mishale hilo linajulikana kufaa, na kwa michezo mingine wanazuoni wana maelezo mbalimbali. Aliahidi kutusomea, nasi hatutajifanya mufti hapa. Kuhusu michango ya washindani wote kubebwa na mmoja, hakusita. Na nyama? "Nyama umekwisha inunua. Deni la watu liko shingoni mwako. Walipe, kisha mle."

Tulikuwa na deni la shilingi 110,000 kwa watu 11, na kwenye bahasha hazikufika elfu hamsini. Tukauza mchele uliokuwa akiba ya ndani. Nyama ikawekwa chumvi kidogo na kupelekwa kwenye jokofu la jirani, naye hatukumweleza sababu.

Kisha tukaanza safari, sisi na mwanetu, kila mmoja na baiskeli yake, daftari likiwa mfukoni mwake. Tulipomlipa mtu alikata jina lake kwa mstari. Lumemo mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Katindiuka mwingine alikasirika, akaona tunamdharau, na ilitubidi kunywa chai kwake ndipo apokee. Fundi baiskeli hakucheka wala hakukasirika. Aliishika noti ile kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba elfu kumi aliyoichanga ilikuwa ya mteja aliyemwachia anunuliwe tairi, na kwamba kwa siku sita alikuwa akifunga kibanda kila anapomwona mteja huyo kwa mbali. Mwanetu hakulikata jina lake papo hapo. Alilikata tulipofika barabarani.

Wa mwisho aliishi ng'ambo ya mto, Lupiro. Hiyo ilikuwa Jumapili, kwa hiyo tuliihesabu kuwa safari ndefu. Mtoto alitangulia darajani na kutusubiri, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla ya siku hiyo. Mwenyeji wetu alipokea pesa yake bila maneno mengi, akaingia ndani, akatoka na kambale mkubwa wa kukaushwa kwa moshi aliyefungwa kwa kamba ya mgomba, akamfunga mwenyewe kwenye keria ya kijana. Tulikataa mara mbili kama inavyopasa, mara ya tatu tukashukuru.

Tulifika nyumbani kabla ya Adhuhuri. Mama watoto alikuwa amekwisha itoa nyama kwa jirani, na wali ulikuwa unakauka maji. Mwanetu alimpa mama yake daftari lililojaa mistari, kisha akamfungua samaki kwenye keria na kumweka mezani. Mama akamtazama kambale, akatutazama sisi.

"Na huyu," akauliza, "ametoka wapi?"