WA TATU NAYE APEWE HESHIMA YAKE

Leo nimeishika kalamu ili nitoe dukuduku langu, kwani wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ufa wenyewe ni huu. Muhula uliopita timu yetu ya kandanda ilimaliza ya tatu katika mashindano ya kaunti ndogo. Mwaka uliotangulia ilishika mkia katika kundi lake. Kutoka mkiani hadi nafasi ya tatu si mchezo, jamani! Lakini badala ya pongezi, kumezuka minong'ono bwaloni na mabwenini. Ati timu ivunjwe. Ati pesa za mipira na nauli zipelekwe kwenye michezo inayoleta vikombe. Ati wa tatu ni sawa na wa mwisho, maana wote wawili hurudi mikono mitupu. Mimi si mchezaji, miguu yangu yote ni ya kushoto, kwa hivyo sijipigii debe. Nasema tu kwamba maneno hayo si ya haki, na ushahidi ninao.

Ushahidi wangu unatoka mbali, kule Uingereza, katika klabu ya Nottingham Forest. Wengi wenu mwaijua kwa sababu ilirudi katika Ligi Kuu mwaka 2022, baada ya kukaa nje kwa miaka 23. Lakini mimi nawarudisha nyuma zaidi, hadi msimu wa 1976/77, wakati ambapo baadhi ya wazazi wetu walikuwa hawajazaliwa.

Forest ni klabu kongwe, iliasisiwa mwaka 1865, na uwanja wake uko kando ya mto Trent. Mwaka 1972 ilishushwa kutoka Daraja la Kwanza, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa la juu kabisa. Ikabaki huko chini ikisota. Mnamo Januari 1975 ikamwajiri kocha aliyeitwa Brian Clough. Huyu bwana alikuwa na sifa mbili. Kwanza, alikuwa ameipandisha daraja Derby County mwaka 1969, kisha akaitwalia ubingwa wa nchi mwaka 1972. Pili, mdomo wake haukuwa na breki. Mwaka 1974 alipewa kazi Leeds United, akafutwa baada ya siku 44 tu!

Basi Clough alipofika Forest, aliikuta katika nafasi ya 13 kwenye Daraja la Pili. Je, mwadhani ilipaa mara moja? Thubutu! Msimu huo ilimaliza ya 16, yaani chini kuliko alivyoikuta. Msimu uliofuata ikamaliza ya 8. Kocha hakuja na fimbo ya Musa. Lau viongozi wa klabu wangekuwa na pupa kama tuliyo nayo sisi, wangemfukuza na kuivunja timu. Hawakufanya hivyo. Julai 1976 wakamleta rafiki yake wa siku nyingi, Peter Taylor, awe msaidizi wake. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Clough alijua kuwatia wachezaji moyo na adabu, naye Taylor alikuwa na jicho la kumtambua mchezaji ambaye wengine wamempuuza.

Hebu tuwaangalie hao wachezaji. John Robertson alikuwa amewekwa katika orodha ya wanaouzwa kabla Clough hajafika. Mwili ulikuwa umemzidi, mbio hana, na sigara aliipenda (hilo msimwige!). Wakamweka winga ya kushoto, na mpira ukifika mguuni pake mabeki walitafutana. Frank Clark aliachwa na Newcastle bila malipo yoyote, akiwa tayari ameupita umri wa miaka 30. Larry Lloyd alikuja kwa mkopo kutoka Coventry kabla ya kununuliwa. Garry Birtles alikuwa fundi wa kutandika mazulia, akichezea timu ya mtaani iitwayo Long Eaton United. Alicheza mechi yake ya kwanza ya Forest katika msimu huohuo. Beki wa kulia alikuwa Viv Anderson, mzaliwa wa papo hapo Nottingham, ambaye Novemba 1978 alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi kuichezea timu ya taifa ya wakubwa ya Uingereza. Kama si watu waliovumilia kuwalea, majina haya tungeyasikia wapi?

Sasa tutazame msimu wenyewe. Desemba 1976 Forest walishinda kikombe kidogo kilichoshindaniwa na timu za Uingereza na za Uskoti. Katika fainali waliwabwaga Orient. Vigogo wengi hawakukijali kikombe hicho. Lakini Clough, hata miaka mingi baadaye alipokuwa amejaa medali za kila aina, alishikilia kwamba kikombe kile kilikuwa na thamani kubwa, kwa sababu kiliwaonjesha vijana wake ushindi. Mtoto hutambaa kabla ya kutembea.

Ligi nayo ilikuwa ngumu kama jiwe. Forest walicheza mechi 42, wakashinda 21, wakatoka sare 10, wakafungwa 11. Mmesikia vizuri? Walifungwa mara 11! Siku hizo ushindi ulikuwa na pointi 2 tu, kwa hivyo walimaliza na pointi 52. Wolves walikuwa wa kwanza kwa pointi 57, Chelsea wa pili kwa pointi 55, na Forest wakawa wa tatu. Nyuma yao Bolton na Blackpool walipata pointi 51 kila mmoja. Pointi moja ndiyo iliyowatenga wenye kicheko na wenye kilio.

Na hata hiyo pointi moja iliwakosesha watu usingizi. Forest walimaliza mechi zao Mei 7, 1977, lakini Bolton walikuwa bado na mechi mkononi. Ikabidi kungoja. Mei 14 Bolton wakacheza nyumbani dhidi ya Wolves, wakafungwa 1-0, na matumaini yao yakayeyuka kama barafu juani. Wachezaji wa Forest wakati huo walikuwa angani, ndani ya ndege, wakienda mapumzikoni katika kisiwa cha Mallorca. Walipanda daraja wakiwa wamefunga mikanda ya viti!

Kuna jambo moja hapa ambalo nataka tulitie maanani. Hapo awali, timu mbili tu ndizo zilizoruhusiwa kupanda kutoka Daraja la Pili. Nafasi ya tatu iliongezwa kuanzia msimu wa 1973/74. Kwa hivyo, kama msimu ule wa Forest ungekuja miaka minne mapema, wangebaki palepale chini, pengine timu ingesambaratika, na leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Waliopanga ligi waliamua kumfungulia mlango wa tatu, naye akapita.

Na alipopita je? Wee! Msimu uliofuata, 1977/78, Forest hao hao wakawa mabingwa wa nchi kwa pointi 64, wakiiacha Liverpool nyuma kwa pointi 7. Kuanzia Novemba 1977 hadi Desemba 1978 walicheza mechi 42 za ligi bila kufungwa hata moja. Mei 1979, mjini Munich, wakaichapa Malmö ya Uswidi 1-0 na kutwaa Kombe la Ulaya. Mei 1980, mjini Madrid, wakaichapa Hamburg 1-0 na kulitwaa tena. Yule Robertson aliyekuwa anauzwa ndiye aliyeimega krosi ya bao la Munich, na ndiye aliyelifunga la Madrid.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema, "Acha porojo, hao walinunua wachezaji." Ni kweli. Mwaka 1977, baada ya kupanda, walimnunua mlinda lango Peter Shilton na beki Kenny Burns. Februari 1979 wakamnunua Trevor Francis kwa pauni milioni moja, bei ambayo haikuwa imewahi kusikika Uingereza. Lakini hebu hesabuni nami. Kati ya wachezaji 11 walioanza fainali ya Munich, 8 walikuwa tayari katika klabu katika msimu ule wa nafasi ya tatu: Anderson, Lloyd, Clark, McGovern, Bowyer, Robertson, Woodcock na Birtles. Wageni walikuwa 3 tu. Nyumba hupauliwa baada ya kuta kusimama, na kuta zilijengwa katika msimu ambao wenye macho mafupi wangeuita wa kushindwa.

Wengine watasema kwamba si kila wa tatu huwa bingwa. Hilo pia nakubali. Forest walikuwa na bahati, na timu nyingi za tatu zimesahaulika. Lakini ni nani kati yetu ajuaye mapema ni mti upi utakaozaa? Mkulima hang'oi mche kwa sababu haujatoa matunda mwaka wa kwanza. Anautilia maji.

Kwa hivyo, kwa heshima na taadhima, nawaomba walimu wetu wa michezo na viranja wenzetu mambo matatu. Kwanza, timu isivunjwe. Vijana wa kidato cha pili waliocheza mwaka huu waachwe wakomae pamoja. Pili, timu yoyote iliyopiga hatua itajwe mbele ya shule na ipigiwe makofi, hata kama haikuleta kikombe. Tatu, mtindo huu uingie madarasani pia. Mwanafunzi aliyetoka nambari 40 akafika nambari 25 ametoka jasho sawa na yule anayeshika nambari moja kila muhula, pengine hata zaidi. Kwani neno la pongezi linauzwa dukani?

Haba na haba hujaza kibaba. Tusiimwage haba kwa sababu kibaba bado hakijajaa.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.