Kwenda Bombay si lazima uumwe

Jaribu kumwambia jirani yako kwamba mwezi ujao unakwenda India. Kabla hujamaliza sentensi utasikia, "Pole! Nani anaumwa?" Ukisema hakuna mgonjwa, atakutazama usoni, atakutazama tumboni, halafu atakuuliza kwa sauti ya chini: "Ni moyo au figo?"

Tusimcheke. Miaka nenda rudi Mtanzania amepanda ndege ya India akiwa na faili la hospitali kwapani. Asiye na faili ana barua ya chuo, na asiye na barua ya chuo anafuata mzigo wa kuja kuuza Kariakoo. Lakini kwenda kutembea tu, kula upepo na kushangaa, kama Wazungu wanavyokuja kushangaa tembo wetu? Hiyo bado tunaiona ni anasa ya watu wasio na kazi.

Sasa kuna kijana mmoja wa Mwadui kanitega. Anasema ana akiba kidogo na likizo ya siku kumi, na washikaji zake wanamshauri Dubai akapige picha chini ya lile ghorofa refu. Eti mimi nasemaje? Mimi nasema hivi: mdogo wangu, Dubai haikimbii. Wewe mtoto wa Mwadui nenda Bombay. Kule una ndugu zako waliotangulia, na hawajawahi kurudi. Ndugu zako ni yale mawe.

Tuanze na mji, mawe yatafuata. Bombay ndiyo Mumbai, jina lilibadilishwa rasmi mwaka 1995, ingawa wazee wa huko bado wanasema Bombay na hakuna anayewakamata. Sensa yao ya 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 12, mara mbili na ushee ya Dar es Salaam ya sensa ya 2022. Kwa hiyo wewe uliyezoea barabara ya Maganzo, jiandae kusukumwa. Viza ya utalii unaomba kwa intaneti, na mambo ya kadi ya chanjo ya homa ya manjano ulizia ubalozi wao mapema, usisubiri kuulizwa uwanja wa ndege. Air Tanzania ilifungua safari ya Dar kwenda Mumbai Julai 2019, lakini kabla hujalipa linganisha na mashirika mengine. Ukifika, sogeza saa yako mbele saa mbili na nusu. Ndiyo, na nusu! Mwadui wakiwa wanakunywa chai saa mbili asubuhi, wewe huko ni saa nne na nusu.

Muda mzuri ni Novemba mpaka Februari. Kuanzia Juni hadi Septemba ni mvua, na mvua ya kule si mchezo. Tarehe 26 Julai 2005 zilinyesha milimita 944 kwa siku moja. Watu wa Shinyanga mnajua maana yake: mvua mnayoiombea mwaka mzima, wao waliipata kati ya jua kuchomoza na jua kuchomoza tena, na mji ukazama.

Siku ya kwanza nenda Gateway of India, lile lango kubwa la mawe kando ya bahari lililomalizika 1924. Nyuma yake kuna hoteli ya Taj Mahal Palace iliyofunguliwa 1903. Bei ya chumba isikuhusu, piga picha kwa nje kama wenzako. Hapo hapo langoni kuna boti za kwenda kisiwa cha Elephanta, safari ya saa moja hivi, ukaone mapango yaliyochongwa sanamu za miungu ndani ya mwamba. Jumatatu pamefungwa, usije ukasema sikukwambia. Na usishangae mgeni kulipa kiingilio mara nyingi zaidi ya mwenyeji. Ngorongoro nasi tunafanya hivyo hivyo, leo zamu yako.

Stesheni kuu ya treni, ile ya Chhatrapati Shivaji iliyokamilika 1888, ni jengo la kusimama ukalitazama mpaka shingo iume. Ila kupanda treni za mjini asubuhi wakati watu wanakwenda kazini, mtu wangu, hiyo ni vita. Panda saa tano au saa sita mchana. Dada zangu, kuna mabehewa ya wanawake peke yao, yatumieni. Na wewe uliyezoea Bajaji, ujue kwamba jina lile ni la kiwanda cha Wahindi, lakini katikati ya Bombay ya kusini Bajaji haziruhusiwi. Kule ni teksi, basi au miguu.

Lugha isikutishe. Nusu yake unaijua bila kujua. Pesa ni yao, laki ni yao, dobi ni wao, chapati, bajia na kachumbari usiniambie ni za Kahama. Kuna sehemu inaitwa Dhobi Ghat ambako madobi wanafua nguo za mji mzima uwanjani, kwenye safu za mabirika ya saruji. Njaa ikikuuma tafuta vada pav, yaani donge la viazi la kukaanga lililobanwa kwenye mkate, na pilipili ya kukutoa machozi. Wanaotaka nyama ya halali waende barabara ya Mohammed Ali jioni. Maji kunywa ya chupa. Na mwenyeji akitikisa kichwa kushoto kulia ukadhani anakataa, subiri: mara nyingi ndiyo anakubali.

Jumapili wapenzi wa picha za Kihindi wanakwenda Juhu, nje ya nyumba ya Amitabh Bachchan, kwa sababu kwa miaka mingi mzee huyo amekuwa na desturi ya kutoka getini siku hiyo kuwapungia mkono mashabiki. Stelingi hafi, bwana! Nawe usishangae watu wakikuuliza habari za Kili Paul. Yule kijana wetu wa kuimbia mdomoni nyimbo za Kihindi, Februari 2022 alitajwa na Waziri Mkuu Narendra Modi mwenyewe redioni, pamoja na dada yake Neema.

Lakini si kila anayekutazama ni shabiki. Utatazamwa sana, na mwingine atakupiga picha bila kuomba. Zaidi ya hapo, mwishoni mwa Januari 2016 mjini Bengaluru kundi la watu lilimshambulia binti wa Kitanzania, mwanafunzi, kwa hasira ya ajali ya gari ambayo hakuhusika nayo kabisa. Siku zile tuliumia wote. Sikwambii haya ili uogope, maana maelfu wanakwenda na kurudi salama. Nakwambia ili ukiona watu wamekusanyika na sauti zimepanda, uondoke, usibaki kuangalia sinema ya bure. Na ubalozi wetu uko New Delhi, mbali na Bombay, kwa hiyo namba yao uwe nayo kabla hujaihitaji.

Haya, sasa twende kwenye mawe.

Kutoka stesheni ya Mumbai Central panda treni ya kaskazini, kilomita 260 hivi, saa tatu au zaidi kidogo kwa treni ya haraka, unashuka Surat. Watalii wengi hawafiki. Wewe wa Mwadui fika. Karibu almasi tisa kati ya kila kumi duniani zinasuguliwa India, na nyingi kati ya hizo ni Surat. Mwanzoni mwa kolamu hii nilisema una ndugu zako kule, sikuwa natania.

Nenda mtaa wa Mahidharpura. Humo madalali wanakaa kwenye mabenchi, wengine wameegemea pikipiki zao, wanafungua vikaratasi vilivyokunjwa na ndani mna almasi. Anashika kibano, anaweka kioo jichoni, anataja bei, mwenzake anacheka, wanaanza upya. Mtu wa Maganzo atahisi yuko nyumbani. Tofauti ni moja: ya Maganzo ni ghafi imetoka tu udongoni, ya Surat imeshapita kwenye mikono ya fundi. Hapo katikati ndipo penye hela.

Na hao mafundi ni nani? Hapa nisikilize vizuri. Wengi asili yao ni Saurashtra, upande mkavu wa jimbo hilo la Gujarat, watoto wa wakulima waliochoshwa na ukame. Ukisikia maelezo ya kwao utadhani unaelezwa Kishapu. Kuanzia miaka ya 1960 walimiminika Surat wakaanza kusugua vile vijiwe vidogo ambavyo mafundi wa Ulaya waliona havifai kupotezewa muda. Walianza na makombo, bwana. Mwaka 2023 mwezi Desemba Modi aliwafungulia jumba la soko la almasi lenye ofisi zaidi ya 4,000, ambalo ukubwa wa sakafu zake umelipita jengo la jeshi la Wamarekani, Pentagon.

Sisi je? Williamson aligundua Mwadui mwaka 1940, bomba la almasi la hekta 146, moja kati ya makubwa duniani. Mwaka 1947 likatoka jiwe la waridi la karati 54.5, akampa Binti Mfalme Elizabeth zawadi ya harusi. Lilisuguliwa London, likabaki karati 23.6. Na usidhani hatukujaribu. Iringa tulikuwa na kiwanda chetu cha kukata almasi, Tancut. Wazee wenu wanaikumbuka Tancut Almasi Orchestra, wameicheza mpaka viatu vikaisha. Ile bendi ilikuwa ya kiwanda! Kiwanda kikafa, nyimbo ndizo zimebaki redioni. Mtu anaimba Tancut na hajui kwamba hapo zamani Mtanzania wa Iringa alikaa kwenye gurudumu akasugua almasi sawa na fundi wa Surat.

Usije ukadhani fundi wa Surat anaogelea kwenye mshiko. Tangu 2022 biashara imeyumba: vita ya Urusi na Ukraine ilivuruga mawe ya Urusi, wanunuzi wa Marekani na China wakapungua, na almasi za kutengenezwa maabara zikashusha bei. Wengi walipunguziwa siku za kazi, wengine wakarudi vijijini. Mwaka huo huo wa 2022, Novemba, bwawa la tope la mgodi wa Mwadui lilipasuka na tope likafunika nyumba na mashamba. Kwa hiyo ukikutana na fundi kibandani anakunywa chai, mwagizie kikombe kingine mkae. Mna mengi ya kuongea: yeye ndiye anayelimaliza jiwe, nyinyi ndio mnaolianza, na wote wawili hamlivai.

Tahadhari za mwisho. Moja, usithubutu kubeba almasi ghafi mfukoni eti ukaiuze mwenyewe. Tangu 2003 ghafi haivuki mpaka bila cheti cha Kimberley, na wewe utaiona Surat kupitia nondo za mahabusu. Mbili, Gujarat ni jimbo la marufuku ya pombe. Mgeni anaweza kuomba kibali, lakini siku mbili bila bia haziui. Tatu, kama unamnunulia mchumba pete, uliza wazi ni ya mgodini au ya maabara, na udai cheti. Zote ni almasi kweli, ila bei ni mbingu na ardhi, na kwa macho yako na yangu hatuwezi kuzitofautisha. Dada atajua baadaye, na siku hiyo sitaki unitaje.

Na swali moja ulibebe kutoka Surat mpaka Maganzo, halina ushuru wa forodha. Wale wa Saurashtra walianza bila mgodi na bila mvua, wakachukua vijiwe vilivyodharauliwa. Sisi mgodi tunao, na kiwanda tuliwahi kuwa nacho. Waulize wazee na viongozi wako, kwa adabu lakini bila kuchoka: yale magurudumu ya Iringa yalikwenda wapi, na lini yatazunguka tena, safari hii Shinyanga?

Nauli ikitimia uniandikie. Wiki ijayo, panapo majaliwa, nitawajibu kina dada walioniuliza kama mwanamume anayepika anafaa kuolewa naye au anatafuta sifa. Kaeni mkao wa kula!