Benki za kidijitali zikome kunyang'anyana wahandisi, zianze kuwalea

UKISOMA matangazo ya kazi ya kampuni changa zinazotoa huduma za benki kupitia rununu humu nchini, utagundua kuwa yanafanana kama shilingi kwa ya pili. Anatafutwa mhandisi wa programu za tarakilishi, awe na tajriba ya miaka mitano au zaidi, awe amewahi kushughulikia mifumo ya malipo, na awe tayari kuanza kazi mara moja.

Sharti hilo la miaka mitano laonekana dogo, lakini ndilo kiini cha tatizo. Iwapo kila mwajiri anamtaka aliyekwisha kupikwa akaiva, ni nani aliyebaki jikoni?

Hali hii imezua kinaya ambacho hakijaangaziwa ipasavyo. Kwa upande mmoja, wakurugenzi wa kampuni hizo hulalamika kuwa wahandisi ni adimu kama wali wa daku. Kwa upande wa pili, vijana waliohitimu sayansi ya tarakilishi katika vyuo vikuu vyetu wanazunguka na vyeti vyao kutoka ofisi moja hadi nyingine bila mafanikio.

Pande zote mbili zinasema kweli. Wanaokosekana si wenye shahada bali wenye uzoefu, na uzoefu haupatikani ila kwa mwajiri aliyekubali kumpokea asiyekuwa nao.

Mwandishi huyu ameyashuhudia hayo katika jamaa yake. Mpwa wangu alipohitimu, aliitwa kwa mahojiano mara nne. Kampuni moja ilimpa kazi ya kufanyia nyumbani, akakesha siku tatu akiandika programu, kisha hakujibiwa hata kwa sentensi moja. Nyingine ilimsifu, ikamwambia arejee atakapokuwa na tajriba.

"Nitaitoa wapi, mjomba, iwapo hakuna anayekubali niianzie kwake?" aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Msomaji huenda akauliza: hayo yanamhusu nini mtu asiyeandika programu? Yanamhusu kila mwenye senti ndani ya rununu yake.

Kampuni nyingi za kidijitali zilianza kama wakopeshaji tu. Mambo yamebadilika. Januari 2022, kampuni ya Branch, ambayo ilianza kuwakopesha Wakenya kupitia rununu mwaka wa 2015, ilinunua asilimia 84.89 ya hisa za Century Microfinance Bank. Umba nayo ikanunua asilimia 66 ya Daraja Microfinance Bank. Kwa njia hiyo, kampuni zilizokuwa zikitoa mikopo zilipata benki zenye leseni ya kupokea amana za umma.

Tofauti hiyo ni kubwa. Mkopeshaji akikosea hesabu, hasara ya kwanza ni yake. Benki ikikosea hesabu, fedha zinazotiwa hatarini ni za mwenye akaunti.

Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 2020 bima ya amana nchini humlinda kila mteja hadi Sh500,000 benki yake inapofilisika. Lakini bima hiyo ni ya benki iliyoanguka. Haimfai mteja ambaye benki yake ingali imesimama, ila salio lake halionekani Jumamosi jioni na hakuna wa kumweleza lilikokwenda.

Kazi isiyofanana na nyingine

Chukua mfano wa mama mboga anayemtumia mwuzaji wa jumla Sh3,000 alfajiri ili apakiziwe sukumawiki. Anabonyeza kitufe, mtandao unapotea, haoni ujumbe wowote. Anabonyeza tena. Je, akatwe Sh3,000 au Sh6,000?

Jibu ni rahisi kulitamka, gumu kulitekeleza. Ni lazima kila agizo libebe nambari yake ya pekee ili mfumo utambue kwamba maagizo mawili yaliyofika ni moja lililorudiwa. Ni lazima kila shilingi inayotoka katika akaunti moja ionekane ikiingia katika nyingine, hata umeme ukikatika katikati ya shughuli. Tena hesabu za benki hazina budi kulinganishwa kila siku na za mitandao ya rununu na za benki nyingine, hadi senti ya mwisho.

Mambo haya hudokezwa tu darasani. Mtu huyajua vyema pale anapoamshwa saa nane za usiku kwa sababu malipo yamekwama, akaketi kando ya aliyemtangulia wakitafuta dosari pamoja.

Uingereza ilijionea gharama ya kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Aprili 2018, benki ya TSB ilihamisha hesabu za wateja wake hadi mfumo mpya uliokuwa haujajaribiwa ipasavyo. Takriban wateja milioni 1.9 walijikuta hawawezi kuzifikia akaunti zao, na huduma hazikurejea katika hali ya kawaida kikamilifu hadi Desemba mwaka huo. Afisa mkuu mtendaji wake aliondoka Septemba, na mnamo Desemba 2022 wadhibiti wakaipiga benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65.

Hiyo ilikuwa benki kongwe, yenye fedha na wataalamu. Itakuwaje kwa kampuni ya wahandisi kumi, ambapo watatu wakihama kwa mwezi mmoja hakuna aliyebaki anayejua sehemu fulani ya mfumo ilivyoundwa?

Soko la kunyang'anyana

Twapenda kujigamba kwamba Kenya ndiyo kitovu cha fedha za rununu duniani, na tuna sababu. Hata hivyo, M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, programu yake ilikuwa imeundwa na kampuni ya Sagentia kutoka Cambridge, Uingereza, kwa niaba ya Vodafone. Hadi mwaka wa 2015, mitambo iliyoiendesha huduma hiyo ilikuwa Ujerumani. Tulikuwa mahiri wa kuitumia na kuisambaza kabla ya kuwa mahiri wa kuiunda.

Jitihada za kuziba pengo hilo zilianza mapema. Shirika la AkiraChix limekuwa likiwafunza wasichana teknolojia jijini Nairobi tangu mwaka wa 2010, na Moringa School ilifungua milango mwaka wa 2014. Andela, iliyoasisiwa Lagos mwaka huo wa 2014, iliingia Nairobi mwaka uliofuata ikiwa na wazo la kuvutia: kuwachukua vijana werevu, kuwalipa huku wakifunzwa, kisha kuwaunganisha na kampuni za ng'ambo.

Wazo hilo liligonga mwamba. Septemba 2019, Andela iliwaachisha kazi takriban wahandisi chipukizi 400 nchini Nigeria, Kenya na Uganda. Sababu iliyotolewa inapaswa kutiliwa maanani na kila anayeijadili sekta hii: wateja walitaka wenye uzoefu, si wanaoanza.

Kisha wakaja vigogo. Microsoft ilifungua kituo chake cha uundaji wa programu Nairobi mwaka wa 2019, na Aprili 2022 Google ikatangaza kwamba ingeanzisha hapa kituo chake cha kwanza barani Afrika cha kuunda bidhaa. Wakati huohuo, kufanyia kazi nyumbani kulikoletwa na janga la Covid-19 kulimwezesha Mkenya kuajiriwa na kampuni ya Berlin au Toronto bila kutoka Rongai.

Kampuni changa za humu nchini zililia kwamba zinaporwa watu wao. Kilio hicho kina ukweli, ila kimeficha jambo. Nyingi kati yazo zilikuwa zimewapata wahandisi hao kwa njia iyo hiyo, kwa kuwanyakua kutoka benki kubwa na kampuni za simu kwa ahadi ya mshahara mnono na hisa ambazo thamani yake hakuna aliyeijua.

Kwa muda, fedha za wawekezaji ziliufunika udhaifu huo. Benki Kuu ya Marekani ilipoanza kupandisha viwango vya riba Machi 2022, mitaji iliyokuwa ikimiminika kwa kampuni kama hizi ilianza kukauka. Asiyekuwa na njia nyingine ya kumpata mhandisi ila kumwongezea mshahara mwenziwe alipomlipa, akaishiwa na mbinu.

Wala tatizo hili si la Afrika pekee. Benki ya kidijitali ya Starling iliasisiwa Uingereza mwaka wa 2014 na Anne Boden. Mapema mwaka wa 2015, afisa wake mkuu wa teknolojia, Tom Blomfield, aliondoka pamoja na wenzake kadhaa wakaanzisha benki pinzani, ambayo leo inajulikana kama Monzo. Benki zote mbili zilinusurika, lakini funzo ni wazi: katika biashara hii, sehemu kubwa ya mali hutoka nje ya mlango kila jioni, na hakuna kufuli inayoizuia.

Njia ya kulea

Lipo jibu jingine, nalo limejaribiwa. Nubank ya Brazil ilianzishwa mwaka wa 2013 na ikachagua kuandika mifumo yake kwa Clojure, lugha ya tarakilishi inayojulikana na wachache. Haikuweza kutangaza kazi na kungoja mafundi wa lugha hiyo wajitokeze, kwa kuwa hawakuwako wa kutosha. Ililazimika kuwaajiri watu wenye uwezo wa kujifunza, kisha kuwafunza yenyewe. Mwaka wa 2020 iliinunua Cognitect, kampuni inayoisimamia lugha hiyo. Kufikia Mei 2024 Nubank ilikuwa imepita wateja milioni 100.

Kwetu sisi wa magazeti, mtindo huo si mgeni. Nilipoanza kuhariri, hakuna aliyeniuliza nina miaka mingapi ya tajriba. Niliketishwa kando ya mhariri mzee mwenye kalamu nyekundu. Kila nilichokipitisha alikipitia, na kila nilichokikosea alinionyesha. Hadi leo hakuna habari inayochapishwa kabla ya kusomwa na jicho la pili.

Programu za benki zahitaji nidhamu hiyo hiyo, pengine zaidi. Gazeti likikosea, husahihisha toleo la kesho. Benki ikimkata mtu karo ya mwanawe mara mbili siku ya kufungua shule, sahihisho la kesho limechelewa.

Kwa hivyo, kampuni yenye wahandisi wanane waliobobea ina uwezo wa kuwachukua wanagenzi wawili au watatu kila mwaka, wakalipwa ujira wa haki, kila mmoja akiwa na mlezi aliyepunguziwa majukumu ili apate wasaa wa kufunza. Mahojiano nayo yabadilike. Badala ya kumtaka mtahiniwa atatue ubaoni mafumbo yaliyoigwa kutoka California, aulizwe kuhusu mama mboga aliyebonyeza mara mbili. Atakayetaka kujua kwanza kama fedha zilikwisha kutoka, huyo ana moyo wa kazi hii.

Wapo watakaopinga kwamba kufunza ni hasara, kwa kuwa kijana akiiva huhama. Huenda akahama. Lakini hata aliyenunuliwa huhama, tena haraka zaidi, kwani kilichomleta ndicho kitakachomwondoa. Aliyelelewa huacha nyuma mfumo ulioelezwa kwa maandishi, kwa sababu palikuwa na mwanafunzi aliyelazimika kuelezwa.

Wengine watadai kwamba akili unde sasa inaandika programu, hivyo wanagenzi hawahitajiki. Hoja hii ni hatari. Kadiri mashine inavyoandika zaidi, ndivyo anavyohitajika zaidi mtu wa kutambua ilipokosea, na utambuzi huo ni tunda la miaka ya kukosea mwenyewe na kusahihishwa. Tukiikata ngazi ya chini leo, hatutakuwa na wa kusimama juu kesho.

Serikali nayo isidhani kwamba dawa ni vyeti. Mnamo Juni 2022, Bunge lilipitisha mswada wa kuwasajili na kuwapa leseni wataalamu wa teknohama, lakini Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia sahihi. Ulikuwa uamuzi wa busara. Leseni ingemfungia nje kijana aliyejifunza mwenyewe bila kumwongezea mwenye shahada hata siku moja ya tajriba.

Lifaalo zaidi ni Benki Kuu kupanua maswali yake. Inapomkagua anayeomba kuendesha benki, huchunguza iwapo wakurugenzi na mameneja wakuu wanastahili. Iulize pia ni watu wangapi wanaoujua mfumo wa hesabu, na nini kitatokea nusu yao wakiondoka. Vyuo vikuu navyo vifuatilie mafunzo ya nyanjani, ili mwanafunzi asimalize miezi mitatu akitumwa chai na kubadilisha wino wa printa.

Mpwa wangu hatimaye alipata kazi. Kampuni moja ya ng'ambo ilimpokea bila tajriba, ikampa mlezi wa kumwelekeza kupitia mtandao, na sasa ni mwaka wa tatu. Kutoka chumba chake cha kukodi, anarekebisha mifumo ya malipo ya watu wa nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Majuzi alipigiwa simu na mojawapo ya kampuni zile nne zilizomkataa. Zilikuwa zikitafuta mtu mwenye uzoefu.

Alikataa kwa adabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kampuni hiyo haikuwa tayari kuinama wakati wake.