Roboti za sumaku ni habari njema, lakini usizingoje

Huenda umesikia kwamba wanasayansi wa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, wameunda roboti ndogo ya kupeleka dawa hadi ubongoni. Wagonjwa wangu wawili wamekwisha kuniuliza itafika lini Nairobi.

Fahamu kwanza kwamba roboti hii haina mikono wala injini. Ni kidonge kidogo cha jelatini, kilichotiwa dawa na chembechembe za chuma. Daktari hukiingiza mshipani kwa mrija mwembamba, kisha hukiongoza kwa sumaku zilizo nje ya mwili huku akikitazama kwa eksirei. Kikifika penye damu iliyoganda, nguvu ya sumaku hukipasha joto kikayeyuka, na dawa ikamwagika papo hapo.

Faida yake ni dhahiri. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda tunayotumia kutibu kiharusi husambaa mwili mzima, na yaweza kumfanya mgonjwa avuje damu, hata ubongoni. Ikipelekwa mahali pake tu, kiasi kidogo chaweza kutosha.

Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa Novemba 2025 yalitokana na majaribio katika mishipa ya bandia, nguruwe na kondoo. Hayakuwa ya binadamu.

Nami nasema, hata ikiletwa kesho, wengi wetu haitatufaa. Kwa kawaida, dawa hiyo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya skeni kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu. Mwaka jana nililetewa mzee aliyepinda mdomo Ijumaa jioni akiwa mezani. Jamaa zake walimkanda kwa mafuta, wakamwombea, wakamleta Jumatatu. Walimpenda sana, walichokosa ni kujua. Sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa haifufuliwi na roboti yoyote.

Kwa hivyo, pima shinikizo la damu hata kama hujisikii vibaya. Ukiona mtu amepinda mdomo ghafla, amelegea mkono au ulimi umekuwa mzito, usimpe chakula wala aspirini. Mkimbize katika hospitali iliyo na mashine ya skeni. Na kabla ya kutoka nyumbani, tazama saa na ukumbuke dalili zilianza lini. Hilo ndilo swali la kwanza tutakalokuuliza.