TAMKO LA MATAWI YA NACHINGWEA NA RUANGWA: UKARABATI USIWE FIMBO YA KUMFUKUZIA MPANGAJI



Msimu wa korosho umefika. Minada ya RUNALI inaendelea, malipo yanaingia kwenye akaunti za wakulima, na kama ilivyo kila mwaka sehemu kubwa ya fedha hiyo inakwenda kwenye nyumba. Hilo ni jambo jema. Bati jipya ni maendeleo, na wengi wenu nyumba zenu mmezijenga kwa jasho la miaka, tofali kwa tofali. Hatuna ugomvi na msumari wala saruji.

Ugomvi wetu ni kwamba ndani ya nyumba inayoezuliwa kuna watu. Wamelipa kodi. Wana watoto wa shule, wana magodoro, wana gunia la mahindi kwenye kona. Na mvua zetu huku Lindi huanza Novemba au Desemba, wakati uleule ambao fedha ya korosho imeshika mkono na fundi ameshapanda juu ya paa.

Ndiyo maana tunatoa tamko hili sasa, kabla mvua hazijakolea.

*MALALAMIKO TUNAYOYAPOKEA*

Yanatoka kwa wanachama wa Nachingwea mjini na Ruangwa mjini, na yanafanana kama mapacha:

1. Mpangaji amelipa miezi sita mbele, na dalali amekula mwezi wake. Mwezi wa pili anaambiwa "pisha ukarabati". Akiuliza habari ya miezi minne iliyobaki, anajibiwa kuwa fedha imeshanunua mbao.

2. Bati zinang'olewa mtu akiwa kazini. Anarudi jioni anakuta nyota juu ya kitanda. Anapewa turubai, na turubai lenyewe la kuazima.

3. Choo kinabomolewa ili kijengwe cha kisasa. Fundi anachimba shimo, anaishiwa saruji, anaondoka. Familia nne zinakwenda kuomba choo kwa jirani wiki baada ya wiki, na kodi inadaiwa tarehe ileile.

4. Ukarabati unakwisha. Dari la jipsamu limewekwa, vigae vimewekwa, na kodi imepanda mara mbili. Yule aliyevumilia vumbi anaambiwa kama hawezi bei mpya, wapo watu wa mradi wanaoitaka nyumba.

Hili la nne ndilo mzizi wa mengine. Miji yetu inakua. Barabara ya lami ya Nanganga hadi Ruangwa imeleta wageni, miradi ya madini ya kinywe inaleta wafanyakazi, walimu na wauguzi wapya wanapangiwa vituo, wanunuzi wa korosho na ufuta wanakuja na misimu yao. Nyumba ni chache na wanaozitaka ni wengi. Hapo ndipo neno "ukarabati" linapogeuka kuwa njia ya kumtoa mpangaji wa zamani bila kumwambia kwamba anatolewa.

*MAJIBU YETU KWA WANAOTETEA JAMBO HILI*

_"Nyumba ni yangu, nafanya nitakavyo."_ Nyumba ni yako, hakuna anayeipokonya. Lakini miezi sita ya kukaa ndani yake umeiuza, na bei yake umeshaipokea. Mkulima aliyeuza korosho mnadani hawezi kurudi ghalani usiku akabeba magunia yake kwa sababu shamba ni lake. Sote tungemwita mwizi. Kumtoa mpangaji ndani ya miezi aliyolipia, bila kumrudishia senti, ni jambo lilelile kwa jina lingine.

Halafu tuulizane jambo moja. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Kisheria anayedaiwa kodi hiyo ni mmiliki. Lakini kwenye nyumba nyingi za kupanga anayenunua umeme ni mpangaji, hivyo anayekatwa ni yeye, na ni wachache sana wanaorudishiwa. Kumbe siku ya kulipa kodi ya jengo, nyumba ni yetu sote. Siku ya kung'oa bati, nyumba inakuwa ya mmoja.

_"Hana mkataba wa maandishi."_ Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inautambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, hata kama makubaliano yalikuwa ya mdomo. Aliyepokea kodi ameingia mkataba. Ujumbe wa simu unaoonyesha fedha imetumwa ni ushahidi. Jirani aliyeshuhudia makabidhiano ni shahidi.

_"Sheria ya wapangaji ilifutwa."_ Hapa kuna ukweli nusu, na ukweli nusu ni hatari kuliko uongo. Ni kweli nchi yetu ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1962, ikaandikwa upya mwaka 1984 pamoja na mabaraza ya nyumba, na Bunge likaifuta mwaka 2005. Tangu hapo hakuna chombo kinachopanga kiwango cha kodi ya chumba.

Lakini Sheria ya Ardhi haikufutwa. Kifungu chake cha 88 kinaweka ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa kuwa amezitoa hata kama hakutamka neno. Kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake atakaa kwa utulivu bila kuingiliwa isivyo halali. Kwamba nyumba au chumba kinachopangishwa kinafaa kukaliwa na binadamu, na kitaendelea kufaa muda wote wa upangaji. Kwamba pale mtu anapopanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje na sehemu zinazotumiwa na wote zitatunzwa na mwenye jengo.

Someni tena hiyo ahadi ya pili, ndugu wanachama. Chumba kisicho na paa hakifai kukaliwa na binadamu. Nyumba ya familia nne isiyo na choo haifai kukaliwa na binadamu. Mwenye nyumba anayeiacha hivyo amevunja ahadi yake, hata kama nia yake ilikuwa kupendezesha.

_"Kwani asiporekebisha mtasema nini?"_ Tutasema arekebishe. Sheria inamtaka atunze nyumba, na inamtaka mpangaji amruhusu kuingia kukagua na kutengeneza kwa wakati unaofaa. Mpangaji anayemfungia fundi mlango wakati ukuta una ufa naye tutamwambia amekosea. Tunachodai ni utaratibu: taarifa mapema, kazi kwa awamu, na hesabu ya kodi kwa siku ambazo nyumba haikukalika.

_"Asiyeridhika ahame."_ Ahamie wapi? Kila chumba kinadai miezi mitatu au sita mbele, na dalali mwezi wake. Mwalimu wa shule ya msingi au mama anayeuza samaki wabichi sokoni hana kodi mbili kwa nusu mwaka mmoja. Anayesema "ahame" anajua hilo, na ndiyo maana anasema kwa kujiamini.

*KUNA PENGO LA SHERIA, NA TUNALISEMA WAZI*

Kifungu cha 88 ni mifupa bila nyama. Hakisemi mwenye nyumba atoe taarifa ya siku ngapi kabla ya kuezua. Hakisemi mpangaji aliyepisha ukarabati ana haki ya kurudi chumbani kwake. Hakimzuii mtu kupandisha kodi mara mbili siku rangi inapokauka. Wenzetu wa Uganda walitunga sheria ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022, wakaweka ukomo wa kupandisha kodi kwa mwaka na kumtaka mwenye nyumba apite mahakamani kabla ya kumtoa mtu. Sisi tangu 2005 tumewaachia watu wawili wasio na nguvu sawa wamalizane wenyewe uani.

Na Nachingwea si mahali pa kusema nyumba ni jambo la mtu binafsi tu. Mji huu ulikuzwa kwa ajili ya watu wa kuja, tangu mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufa miaka michache baadaye. Mradi ukaondoka, reli ikang'olewa, watu wakabaki. Mgodi nao utakuja na utaondoka. Watakaobaki ni haohao wanaoambiwa leo wapishe.

*MSIMAMO WA MATAWI*

Tunaanza na sisi wenyewe, kwa sababu kati yetu wamo wenye nyumba, na baadhi ni viongozi. Hatuwezi kusimama jukwaani kupinga mkulima kupunjwa kwenye mizani, halafu uani kwetu tunampunja mpangaji miezi minne. Kila mwanachama anayepangisha anatakiwa kufuata haya:

1. Atoe taarifa ya maandishi, isiyopungua siku 30, ikieleza kazi gani itafanyika, chumba kipi kinaanza na itakwisha lini. Dharura kama paa lililopeperushwa na upepo ni jambo jingine.

2. Asiezue chumba chenye mtu. Afanye chumba baada ya chumba, au ampe mpangaji pa kukaa kwa muda huo.

3. Choo kipya kijengwe kabla cha zamani hakijabomolewa.

4. Siku ambazo nyumba haikukalika zihesabiwe, ama zirudishwe kwa fedha, ama ziongezwe mwishoni mwa muda aliolipia.

5. Mpangaji aliyepisha ndiye wa kwanza kurudi. Kodi aliyokwisha kulipa isipandishwe hadi muda wake uishe.

6. Kama anataka nyumba yake moja kwa moja, aseme hivyo. Ampe notisi halali, arudishe kodi iliyobaki, waagane kwa heshima.

Siku 30 na haki ya kurudi hazimo kwenye sheria ya nchi. Ni masharti tunayojiwekea sisi kama watu wenye msimamo mmoja. Mwanachama atakayeyavunja ataitwa mbele ya kamati ya tawi ajieleze, awe wa kawaida au kiongozi. Cheo hakitamfunika mtu.

*MPANGAJI, UKIAMBIWA "PISHA", FANYA HIVI*

Usigombane, na usiondoke siku hiyohiyo. Omba taarifa kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Tunza risiti na ujumbe wote wa malipo. Piga picha ya paa, choo na vyombo vyako vilivyolowa.

Kama unalipa mwezi kwa mwezi na hamkupanga muda wa kuondoka, notisi ya kukutoa isipungue mwezi mmoja. Kama umelipa miezi sita, miezi hiyo ni yako.

Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, apatanishe na aandike. Kama ni choo, mwite afisa afya wa kata. Kama jengo linabadilishwa kwa kiasi kikubwa, uliza halmashauri kama kibali cha ujenzi kipo.

Ikishindikana, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Lisipomaliza shauri ndani ya siku 30 unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko kwenye nguvu ya kuamua. Usiogope kwa sababu huna fedha ya wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wananchi bila malipo. Fika ofisi ya tawi, tutakuelekeza na tutakusindikiza.

*MADAI YETU KWA WENYE MAMLAKA*

Kwa madiwani wa halmashauri zote mbili: lileteni suala hili kwenye baraza. Mtoa kibali cha ukarabati wa nyumba ya kupanga aulize kwanza swali moja: wapangaji waliomo watakaa wapi? Swali hilo halihitaji bajeti.

Kwa wabunge wetu: tunataka sheria ya upangaji yenye ukomo wa kodi ya kulipwa mbele, muda maalumu wa taarifa ya ukarabati, haki ya kurudi, na adhabu kwa anayemtoa mtu kwa kumng'olea bati au kumkatia umeme. Mwaka 2005 Bunge liliondoa ukuta. Tunalitaka liujenge upya.

Ndugu wanachama, hatumchukii mwenye nyumba. Wengi wao ni wakulima kama sisi, na chumba cha kupangisha ndiyo pensheni yao. Tunachokataa ni mtu mmoja kupata bati jipya kwa gharama ya mwenzake kulala mvuani. Mtoto wa mpangaji anayelowa usiku huu anasoma darasa moja na wa mwenye nyumba.

Tamko hili lisomwe kwenye kikao kijacho cha kila tawi. Mwenye malalamiko ayalete na ushahidi wake. Mwenye nyumba anayetaka kukarabati na hajui aanzie wapi, naye aje, tutamsaidia kuandika taarifa na kupanga awamu za kazi.

Mtumie mwanachama mwenzako. Mtumie na mwenye nyumba wako.

Umoja ni nguvu.

_Imetolewa na Kamati za Matawi, Nachingwea na Ruangwa_